Marehemu Muhammed Faris: Rubani, Baba na Mkimbizi



Wasomaji wetu wapenzi, ni desturi ya safu hii kuwakumbuka waliotutangulia mbele ya haki. Hatuwakumbuki kwa ajili ya kuwalilia tu, bali tunataka kujifunza kutokana na maisha yao yale yatakayotufaa sisi na vizazi vyetu. Tumezoea kuwataja humu masheikh, walimu wa madrasa na kina mama waliolea mayatima. Juma hili tunamkumbuka mtu wa kazi ambayo ni nadra kutajwa katika kurasa za familia: mwanajeshi wa anga, rubani wa ndege za kivita, ambaye Mola alimjaalia kupanda juu kuliko marubani wenzake wote wa nchi yake, kisha akamjaribu kwa mtihani ambao haukuwa wa angani bali wa nyumbani. Naye ni Jenerali Muhammed Faris wa Syria, aliyefariki dunia tarehe 19 Aprili 2024 akiwa mkimbizi katika nchi ya Uturuki.

Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali ambalo kila mwenye nyumba huulizwa siku moja, awe rubani au mchukuzi wa bandarini: cheo, mshahara na sifa za watu zikivuta upande mmoja, na dhamira pamoja na usalama wa watu wako vikivuta upande wa pili, utakwenda wapi?

Marehemu alizaliwa tarehe 26 Mei 1951 katika mji wa Aleppo, ambao Waarabu huuita Halab. Huo ni mmoja wa miji mikongwe kabisa ulimwenguni ambayo watu wamekaa humo bila kukatika, maarufu kwa ngome yake iliyo juu ya kilima, kwa masoko yake yaliyoezekwa na kwa sabuni yake ya mafuta ya zeituni. Mji wake wa kale ulitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1986, miaka kumi na mitano kabla ya mji wetu wa kale wa Lamu kupewa heshima hiyo hiyo. Aliyelelewa katika mji wa namna hiyo, wenye vichochoro, misikiti ya karne nyingi na majirani wanaojuana kwa majina ya babu zao, huwa na mizizi ambayo si rahisi kung'oka. Tunalisema hili mapema kwa sababu baadaye mizizi hiyo itakuja kuvutwa kwa nguvu.

Alijiunga na jeshi la anga akiwa kijana, akahitimu mwaka 1973 katika chuo cha marubani wa kijeshi, kisha akawa mwalimu wa marubani. Wasomaji wetu huenda wasione haraka uzito wa neno hilo, mwalimu wa marubani. Rubani wa kivita hufundishwa kutii amri bila kuchelewa, kwa maana akiwa angani hana muda wa kujadiliana. Mwalimu wake ndiye anayeketi nyuma yake katika ndege ya mafunzo, akiwa amebeba mikononi roho yake mwenyewe na roho ya mtoto wa mama mwingine. Huwafundisha vijana kupaa, kutua na kupiga shabaha. Wale vijana wakihitimu, kila watakachofanya na elimu ile kinarudi kugonga mlango wa moyo wa aliyewafundisha. Kwa marehemu, mlango huo ulikuja kugongwa miaka mingi baadaye.

Mwaka 1985 ndipo maisha yake yalipochukua mkondo mpya. Wakati huo Muungano wa Kisovieti ulikuwa na mpango wa kuwachukua marubani kutoka nchi rafiki na kuwapeleka anga za juu pamoja na wanaanga wake. Ilipofika zamu ya Syria, marubani wengi walichujwa kwa vipimo vya mwili na akili mpaka wakabaki wawili: Muhammed Faris na mwenzake Munir Habib. Wote wawili walipelekwa katika kituo cha mafunzo karibu na Moscow. Huko walifundishwa kwa muda unaokaribia miaka miwili, wakajifunza lugha ya Kirusi, elimu ya vyombo vya anga na namna ya kuishi mahali ambapo hakuna juu wala chini. Mwishowe Faris ndiye aliyechaguliwa kuruka, na Habib akawekwa kuwa wa akiba.

Tarehe 22 Julai 1987 chombo kilichoitwa Soyuz TM-3 kiliruka kutoka Baikonur, katika nchi ambayo leo ni Kazakhstan, kikiwa na Faris na Warusi wawili, Alexander Viktorenko na Aleksandr Aleksandrov. Walikwenda kukutana na kituo cha anga kilichoitwa Mir, neno la Kirusi lenye maana ya amani na pia ulimwengu. Kituo hicho kilizunguka dunia katika kimo cha kilomita 350 hivi, umbali uliopungua safari ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, ila kwa kwenda juu. Mtu aliye kule huuzunguka ulimwengu mzima kwa muda wa saa moja na nusu, na katika siku moja ya saa 24 huliona jua likichomoza na kuzama mara kumi na tano au kumi na sita. Faris akawa Msyria wa kwanza kufika huko, na Mwarabu wa pili baada ya Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia, aliyeruka na Wamarekani Juni 1985, naye pia akiwa Mwislamu na rubani.

Katika muda wa siku zipatazo nane alifanya majaribio ya kisayansi, likiwemo la kuichunguza ardhi na maji ya nchi yake kutoka juu, lililopewa jina la mto Furati. Ni rahisi kulielewa jambo hili na kustaajabu pamoja naye: mtoto wa Halab anaitazama Shamu yote kwa mara moja kupitia dirisha dogo, na mipaka ambayo wanadamu huuana kwa ajili yake haionekani. Wengi waliobahatika kufika kule, wa dini zote, wamesema kuwa dunia kutoka juu huonekana kama nyumba moja.

Tarehe 30 Julai alirejea ardhini. Hakurudi na wenzake wale wale aliokwenda nao. Aleksandrov alibaki kituoni kushika nafasi ya Aleksandr Laveykin, ambaye madaktari waliokuwa ardhini walitilia shaka mapigo ya moyo wake wakaamuru arudishwe nyumbani. Tunaitaja habari hii ndogo kwa sababu ina funzo lake: hata katika kazi ile kubwa, iliyogharimu mali isiyohesabika, afya ya mtu mmoja ilitosha kubadilisha mipango yote. Ni wangapi kati yetu wanaosikia maumivu kifuani na kuyanyamazia ili wasikose kazini siku moja?

Heshima zilimmiminikia. Muungano wa Kisovieti ulimtunuku nishani ya Shujaa wa Muungano wa Kisovieti, pamoja na nishani ya Lenin. Nyumbani Syria alipokelewa kwa shangwe, na jina lake likawa mdomoni mwa kila mtoto wa shule. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alipoulizwa na mtawala wa wakati ule, Hafez al-Assad, anataka nini, aliomba ianzishwe taasisi ya kitaifa ya elimu ya anga ili vijana wa Syria wafuate nyayo zake. Ombi hilo halikukubaliwa. Alirudi katika kazi ya kufundisha marubani, na kadiri miaka ilivyokwenda akapanda vyeo mpaka akawa jenerali.

Hapa tunaomba kusimama kidogo, tuwageukie kina mama wanaotusoma. Katika historia za mashujaa, kurasa nyingi huandikwa kuhusu aliyeruka, na mistari michache tu kuhusu waliobaki chini wakingoja atue. Marehemu alikuwa mume na baba. Mke wa rubani wa kivita hulala kila usiku akijua kuwa huenda kesho asubuhi wakaja watu wawili waliovaa sare kubisha mlango. Watoto wake huzoea kumwona baba yao kwenye picha kuliko mezani. Ukanda wetu unaijua hali hii kwa majina mengine. Wapo kina mama wa Pwani ambao waume zao ni mabaharia, wapo waliofungiwa safari kwenda Ghuba kutafuta riziki, na wapo wa askari waliopelekwa mipakani. Hao wote wanajua kuwa nyumba huendeshwa na aliyebaki, na kuwa heshima ya aliye safarini inasimama juu ya subira ya aliye nyumbani.

Miaka ikapita. Mwaka 2011 wananchi wa Syria walitoka mabarabarani kudai mageuzi. Muhammed Faris wakati huo alikuwa mtu wa miaka 60, mwenye cheo, nishani, jina na nyumba. Angeweza kufunga madirisha. Badala yake, yeye na mkewe walishiriki katika maandamano ya amani mjini Damascus. Tunapenda msomaji atie akilini maneno haya mawili: na mkewe. Uamuzi ule haukuwa wa mume aliyeamka asubuhi akatangaza, na familia ikafuata kwa kunyamaza. Walikwenda pamoja, ubavu kwa ubavu, kila mmoja akijua bei ya hatua ile katika nchi ambayo kuta zina masikio.

Serikali ilijibu maandamano yale kwa risasi, na mambo yakageuka kuwa vita. Katikati ya mwaka 2012 ndege za kivita na helikopta zilianza kuushambulia mji wa Aleppo. Sasa, ndugu msomaji, lirudishe akilini lile tulilosema kuhusu mwalimu wa marubani. Mji uliokuwa ukipigwa ulikuwa mji aliozaliwa. Waliokuwa wakirusha ndege zile walitoka katika jeshi lile lile alilolitumikia maisha yake yote, na miongoni mwa marubani wake walikuwemo watu aliowafundisha kwa mikono yake. Elimu aliyoitoa kwa nia ya kuilinda nchi ilikuwa inamwagwa kama moto juu ya vichwa vya majirani zake. Ni mtihani gani mkubwa kuliko huu kwa mwalimu yeyote?

Alikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kubaki, kutii na kula matunda ya cheo chake. Ya pili ni kubaki na kunyamaza, akijipa moyo kwamba si yeye anayebonyeza kitufe. Ya tatu ni kuondoka, na kwa jenerali wa jeshi katika wakati wa vita, kuondoka hakukuitwa kuondoka; kuliitwa usaliti, na adhabu ya usaliti inajulikana. Tena adhabu hiyo haimwishii mwenyewe. Afisa akitoroka peke yake, wanaobaki nyuma ndio wanaolipa: mke, watoto, ndugu, hata mpwa asiyejua lolote.

Kwa hiyo hakutoroka peke yake. Baada ya majaribio yaliyoshindikana, mwanzoni mwa Agosti 2012 alivuka mpaka na kuingia Uturuki pamoja na mkewe na watoto wao. Siku hiyo hiyo shujaa wa taifa akawa mkimbizi. Aliyekuwa akipigiwa saluti alisimama kwenye foleni ya makaratasi kama watu wengine.

Sisi tunaoishi kwa amani tunaweza kulisoma hilo kwa mstari mmoja na kuendelea. Hebu tulipe haki yake. Kuhama kwa siri na familia ni kuamua kipi kiingie mkobani na kipi kibaki, bila ya jirani kuona mzigo. Ni kuacha picha za harusi ukutani ili nyumba ionekane ina wenyewe. Ni mama kutafuta maneno ya kumwambia mtoto ambayo hayatamtisha, na ambayo mtoto akiyatamka mbele ya mtu mwingine hayatawaangamiza. Ni kuondoka bila kuaga makaburi ya wazazi. Waislamu tunaifahamu hijra tangu utotoni, na kila mwaka tunahesabu kalenda yetu kuanzia hapo; lakini tunaposimulia namna Mtume wetu (S.A.W.) na maswahaba zake walivyotoka Makka, mara nyingi tunaisimulia kama ushindi na kusahau kuwa siku ile ilikuwa siku ya machozi kwa watu waliopenda kwao.

Wapo watakaouliza, na ni haki yao kuuliza: mbona alikawia? Serikali aliyoitumikia haikuanza ukatili wake mwaka 2011. Mwezi Februari 1982 jeshi la Syria liliuvunja mji wa Hama na kuua maelfu ya watu, naye wakati huo alikuwa afisa katika jeshi hilo. Kwa nini hakuondoka wakati ule? Hatuna jibu la kumtetea nalo, wala hatukukusudia kumfanya mtakatifu. Tunachosema ni kwamba mlango wa kurejea kwenye haki Mwenyezi Mungu hakuufungia miaka. Kuna watu ambao, wakishakawia mara moja, huona haya kugeuka, wakaendelea na lile wanalolijua kuwa ni baya kwa kuogopa kuulizwa ulikuwa wapi siku zote. Mzee wa miaka 61 aliyeacha kila kitu amekawia, naam, lakini amefika. Na wengi waliokuwa na vyeo kama chake hawakufika kabisa.

Familia ilikaa Istanbul, katika mtaa wa Fatih, ambao ulikuwa umejaa Wasyria wenzao. Uturuki ilipata kuwahifadhi Wasyria zaidi ya milioni 3.5, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Huko marehemu hakukaa akihesabu nishani alizowahi kupewa. Alitoa mihadhara na kuzungumza na vijana, na alitumia jina lake kutetea haki za wakimbizi, hasa pale watu walipoanza kuwatazama kama mzigo. Mwaka 2016, akihojiwa na mwandishi wa habari wa Kiingereza, aliulizwa kuhusu ndoto yake. Mtu angedhani kuwa aliyefika anga za juu angetaja nyota au sayari. Yeye alitaja bustani. Alitamani kukaa katika bustani yake nchini mwake, akiwatazama watoto wakicheza nje bila ya kuogopa mabomu. Hilo ndilo tunaloliita mapenzi ya familia yaliyopevuka: yanaanza na watoto wako, kisha yanapanuka mpaka hayakubali mtoto wa mwenzako achezee ndani ya handaki.

Inafaa pia kujua kuwa hakuwa peke yake katika njia hiyo. Mwaka mmoja baada yake, Agosti 1988, rubani mwingine wa jeshi la anga, Abdul Ahad Momand wa Afghanistan, alipelekwa katika kituo kile kile cha Mir. Inakumbukwa kuwa alisoma Qur'ani akiwa kule, na kwamba alipata nafasi ya kuzungumza na mama yake kwa simu kutoka angani ili kumtoa hofu, kwani mama alikuwa akilia. Naye pia, vita vya nchi yake vilipozidi, alikimbia, akapata hifadhi Ujerumani. Waislamu wawili, marubani wawili, walioiona dunia yote kuwa nyumba moja, na kila mmoja akakosa mahali pa kuweka kichwa katika nchi yake. Jambo hili halihitaji maelezo marefu. Linatosha kutukumbusha kuwa mkimbizi si aina ya mtu. Ni hali inayoweza kumpata mtu yeyote, hata aliyewahi kupokelewa na mataifa kwa zulia jekundu.

Sisi wa Pwani tusilisahau hilo. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, mashua zilileta Mombasa watu wa Barawa, Mogadishu na miji mingine, na kambi ikawekwa Utange na kwingineko. Miongoni mwao walikuwemo wafanyabiashara, walimu na maafisa. Baadhi ya majirani zetu, na hata baadhi ya mashemeji na wakwe zetu leo, wametokana na safari zile. Kila mmoja wao ana nyumba aliyoiacha ikiwa na picha ukutani. Ni vyema tuwaulize habari zao wangali hai, na watoto wetu wakae wasikilize.

Mwaka 2024 moyo wa Jenerali Faris ulishindwa. Alilazwa hospitali katika mji wa Gaziantep, kusini mwa Uturuki, akafariki huko akiwa na umri wa miaka 72. Mwili wake ulivushwa mpaka na kuzikwa Azaz, mji ulio kaskazini mwa Aleppo, katika sehemu ambayo wakati huo haikuwa mikononi mwa serikali aliyoikimbia. Basi alirudi kwao, ila hakurudi kwa miguu yake. Miezi isiyotimia minane baadaye, tarehe 8 Desemba 2024, serikali ya akina Assad ilianguka, na maelfu ya wakimbizi wakaanza kurejea. Bustani aliyoiota hakujaaliwa kuiona. Hiyo ni siri ya Mwenye kukadiria. Wapandao minazi si wote wanaokunywa madafu yake, lakini hakuna dafu lisilokuwa na mpandaji.

Tukiyatazama maisha yake sasa, tunaona jambo la ajabu. Nchi iliyomtunuku nishani yake kubwa, Muungano wa Kisovieti, ilisambaratika mwaka 1991. Kituo cha Mir alichokaa kilishushwa tarehe 23 Machi 2001, kikateketea angani na mabaki yake yakazama katika Bahari ya Pasifiki. Serikali aliyoitumikia kwa miaka mingi imeondoka. Hata sehemu kubwa ya mji wa kale wa Aleppo, pamoja na mnara wa Msikiti wake Mkuu ulioangushwa mwaka 2013, iliharibiwa vitani. Vyote ambavyo watu walidhani ndivyo utukufu wake vilitangulia au vilimfuata upesi kwenda. Alichobaki nacho ni uamuzi mmoja, pamoja na watu waliovuka naye mpaka.

Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) yanaupima ubora wa mtu kwa namna anavyowatendea watu wa nyumbani kwake. Wengi wetu tumelifahamu fundisho hilo kuwa ni upole wa maneno, chakula na mavazi. Nalo ni kweli hivyo. Lakini maisha ya marehemu yanatuonyesha upande wake mwingine: kutowalisha watu wa nyumbani kwako chumo ambalo limechanganyika na damu au dhuluma, hata kama chumo hilo linakuja na heshima. Baba anaweza kuwaletea watoto kila wanachotaka na wakati huo huo akawaletea aibu watakayoibeba miaka yote. Na baba anaweza kuwatoa katika nyumba nzuri akawaweka katika chumba cha kupanga, na wakamshukuru.

Sisi si majenerali. Mitihani yetu ni midogo kwa macho, lakini mzani ni ule ule. Ni karani anayeambiwa atie sahihi pale asipopaswa kutia. Ni askari anayeamriwa kuonea. Ni mfanyabiashara anayeshawishiwa kuingiza mzigo utakaoangamiza vijana wa mtaa mwingine kwa dawa za kulevya. Kila mmoja wao husema, nafanya kwa ajili ya watoto. Tunawaomba kina baba wanaotusoma wakae na wake zao juma hili na waulizane kwa ukweli: riziki yetu inatoka wapi, na tungeweza kuacha nini kama ingebidi? Na kina mama, msiwe wepesi wa kusema shika kazi hiyo hiyo, tutakula nini. Mume anapotaka kutoka katika haramu, neno moja la mkewe huweza kumpa miguu au kumkata. Mke wa Jenerali Faris alitembea naye barabarani, kisha akavuka naye mpaka. Bila ya yeye, huenda leo tungekuwa hatuna habari hii ya kuandika.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Muhammed Faris, amsamehe aliyoyakosea, amkubalie aliyoyaacha kwa ajili Yake, na aifanyie wepesi familia yake. Awarejeshe makwao kwa usalama wote waliofukuzwa na vita, kutoka Shamu hadi Sudan, na awaepushe watoto wetu na mtihani wa kuchagua kati ya nyumba na haki. Na kama hapana budi mtihani huo uje, basi awape wazazi watakaowashika mkono.

Wabillahi tawfiq.